Damu inavyotoa habari za mapafu

Nimonia kali au UVIKO-19 huumiza mapafu mahali macho hayafiki. Damu ndiyo hutoa habari. Seli za vifuko vya hewa hutengeneza protini iitwayo SP-D, na kazi yake ni huko huko mapafuni, kunasa vijidudu. Ukuta wa vifuko ukiharibika, protini hiyo huvujia kwenye damu, na kiasi chake hupanda. Nyingine, angiopoietini-2, hutoka kwenye kuta za mishipa ya damu. Lakini hupanda hata katika malaria kali, hivyo peke yake haitoshi. CRP, ambayo wengi wenu mmepimwa, hutengenezwa na ini. Inaonyesha mwili unapambana, haisemi wapi.

Tuwe wakweli: kwa maambukizi, SP-D bado ni kipimo cha watafiti zaidi. Msitarajie kuikuta zahanati. Huko kuna kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, na saa ya kuhesabia pumzi. Mtoto mwenye kikohozi, wa miezi 2 hadi 11, akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 mara 40 au zaidi, mpelekeni siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea anapovuta pumzi, msingoje kuche.