Risasi za Manza: Kipimo, Fataki na Kazi ya Mikono Moshi, 1915–1916

Historia ya Vita Kuu ya Kwanza katika pwani ya Tanga imezoeleka kuelezwa kupitia mapigano ya tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, ambapo jeshi la Uingereza na India chini ya Meja Jenerali Aitken lilishindwa na kikosi kidogo cha Lettow-Vorbeck. Insha hii inadai kwamba kwa askari wa kawaida tukio zito zaidi lilitokea miezi mitano baadaye katika Ghuba ya Manza, kaskazini mwa mji huo.

Askari wengi wa Kijerumani walikuwa bado na bunduki za mtindo wa 1871, ambazo baruti yake ilitoa moshi uliomfichua mpigaji. Kwa mujibu wa Lettow-Vorbeck, ushindi wa Tanga uliwapatia bunduki za kisasa za kutosha kampuni zaidi ya tatu, bombomu 16 na risasi 600,000. Lakini risasi za Kiingereza hazikuingia katika Mauser. Tarehe 14 Aprili 1915 meli Rubens, iliyojificha kwa jina la Kidenmaki la Kronborg, iliingia Manza ikiandamwa na manowari Hyacinth. Ilipigwa, ikawaka moto na kukwama katika maji mafupi, na Waingereza wakaondoka wakidhani imekwisha. Shehena iliopolewa, yakiwamo mamilioni ya risasi zilizolowa maji ya chumvi.

Chumvi iliharibu baruti na fataki kidogo kidogo, na risasi zisizolipuka zikazidi. Katika kumbukumbu zake za mwaka 1920, Lettow-Vorbeck aeleza kwamba hapakuwa na budi kuzifumua zote, kusafisha baruti na kubadilisha baadhi ya fataki. Kwa miezi kadhaa askari, wanawake na watoto walifanya kazi hiyo Moshi, mwisho wa reli itokayo Tanga.

Ugumu wa kazi hiyo haumo katika baruti peke yake. Kichwa cha risasi kinapong'olewa na kurudishwa, kina chake ndani ya ganda hubadilika kwa urahisi. Kikikaa nje mno, risasi hukwama katika magazini au kichwa huegemea mifereji ya mtutu. Kikizama mno, nafasi ya baruti hupungua na kani ya mlipuko huongezeka. Kwa risasi ya Mauser ya milimita 7.9, ambayo urefu wake wote haupaswi kuzidi milimita 82 hivi, kosa la milimita moja si dogo. Fundi wa leo hupima kutoka kitako hadi mahali maalumu kwenye mbetuko wa kichwa, si hadi nchani, kwa kuwa ncha hazilingani.

Kipimo alichokiandika Lettow-Vorbeck ni cha aina nyingine: matokeo. Risasi zilizojazwa upya na kushindwa kulipuka kwa takriban asilimia 20 zilipelekwa vitani. Zilizozidi hapo zilitumika mazoezini. Risasi nzima za awali ziliwekewa bombomu pekee. Mgawanyo huo una mantiki ya kiufundi. Bombomu hujipakia kwa nguvu ya mlipuko wake yenyewe, hivyo risasi moja bubu husimamisha mtambo mzima. Mwenye bunduki huvuta komeo kwa mkono na kuitupa.

Mantiki hiyo, hata hivyo, ilihamishia hatari kwa askari. Aliyepigana Salaita au Latema mwanzoni mwa 1916 akiwa na risasi hizo aliweza kutarajia moja kati ya tano inyamaze. Michelle Moyd (2014) amekwisha kuonesha kwamba kaya za askari zilikuwa sehemu ya jeshi lenyewe. Ushahidi wa Moshi waonesha kwamba zilikuwa pia kiwanda chake. Sifa za ustadi zinazomiminiwa jemadari huyo, kwa maoni yangu, zimewameza watu hao.

Moshi ilitwaliwa na Waingereza Machi 1916. Mwezi huohuo meli Marie ilitia nanga Sudi, karibu na Lindi. Shehena yake ilikuwa imefungwa katika mizigo ya kubebwa na wapagazi, nayo ilishushwa salama.