Namba ndogo kushoto, kubwa kulia: ubongo unavyozipanga namba

Baadhi yenu mnatuuliza kuhusu zile programu za simu zinazokuonyesha namba, zinakutaka ubonyeze haraka, halafu zinakupa alama za "akili". Kabla hujakubali kuitwa mzito wa kufikiri, ni vizuri ujue wanasaikolojia wamegundua nini wanapopima muda ambao mtu anatumia kujibu swali la namba. Kasi hiyo haitegemei kujua hesabu peke yake. Inategemea pia namba imekaa wapi na kitufe kiko upande gani.

Tuanze na mwaka 1967. Watafiti wawili, Robert Moyer na Thomas Landauer, waliwaonyesha watu wazima tarakimu mbili na kuwaomba waseme ipi ni kubwa. Ungetegemea mtu mzima ajibu zote kwa kasi ileile, maana nani asiyejua kwamba 9 ni kubwa kuliko 8? Lakini kadiri namba zilivyokaribiana, ndivyo watu walivyochelewa. 2 na 9 ni rahisi, 8 na 9 zinachukua muda zaidi. Ni kama kutazama miti miwili kwa mbali: ikiwa imesogeleana, jicho linahangaika kidogo kuitenganisha.

Jaribio maarufu zaidi lilichapishwa mwaka 1993 na Stanislas Dehaene wa Ufaransa na wenzake. Mtu anakaa mbele ya skrini akiwa na vitufe viwili, kimoja kushoto na kimoja kulia. Inatokea tarakimu moja, naye anaamua kama ni namba shufwa au witiri. Katikati ya jaribio vitufe vinabadilishana kazi, ili kila namba ijibiwe kwa mikono yote miwili. Angalia hapo: hakuna aliyeulizwa kama namba ni kubwa au ndogo. Hata hivyo, namba ndogo zilijibiwa haraka zaidi kwa kitufe cha kushoto, na kubwa kwa kitufe cha kulia.

Je, ni suala la mkono? Hapana. Watu walipokunja mikono ikapishana, kilichohesabika kilikuwa upande wa kitufe, si mkono uliokibonyeza. Wanaotumia mkono wa kushoto nao walionyesha hali hiyohiyo. Tena udogo wa namba si wa kudumu. Zilipotumika namba 0 hadi 5 tu, 4 na 5 zilielekea kulia. Zilipotumika 4 hadi 9, zilezile 4 na 5 zikaelekea kushoto.

Sisi binafsi tunapenda zaidi jaribio la Zürich, Uswisi, la mwaka 1998. Watu waliambiwa wafikirie namba 1 hadi 11 kama zilivyo kwenye rula. Matokeo yakawa yaleyale: ndogo kushoto. Kisha wakaambiwa wazifikirie kwenye uso wa saa ya ukutani. Hapo 1 hadi 5 ziko upande wa kulia, 7 hadi 11 upande wa kushoto. Matokeo yakageuka! Ni watu walewale na namba zilezile, picha tu kichwani ndiyo iliyobadilika.

Mazoea ya kusoma nayo yana sehemu yake. Utafiti wa mwaka 2009 uliwalinganisha Wakanada, wanaosoma kutoka kushoto, na Wapalestina waliozoea kusoma maneno na namba za Kiarabu kutoka kulia. Kwa Wapalestina mpangilio ulikuwa kinyume: ndogo kulia. Waisraeli, wanaosoma maneno kutoka kulia lakini namba kutoka kushoto, hawakuelemea upande wowote.

Lakini kuna vifaranga, na hawa hawajasoma kitu. Mwaka 2015 watafiti wa Italia walivizoesha vifaranga vya siku tatu kutafuta chakula nyuma ya kibao chenye madoa 5. Baadaye vikawekewa vibao viwili vinavyofanana. Vyote viwili vikiwa na madoa 2, vifaranga vingi vilikwenda kushoto. Vikiwa na madoa 8, vilikwenda kulia. Wapo wanasayansi waliopinga tafsiri hiyo, na mjadala bado upo.

Sasa turudi kwenye simu yako. Tofauti zinazozungumzwa hapa ni za milisekunde, yaani sehemu ya elfu moja ya sekunde, na mara nyingi ni makumi machache tu au pungufu ya hapo. Kupepesa jicho huchukua zaidi ya milisekunde 100. Kioo cha simu chenyewe huchelewa makumi ya milisekunde kutambua kidole. Ndiyo maana wanasayansi hurudia kila namba mara nyingi, kwa watu wengi, wakiwa na vifaa maalumu, kisha hutafuta wastani. Programu inayokupima kwa dakika moja haiwezi kujua kama uliyechelewa ni wewe, kidole chako, au kioo. Ikikuomba hela ili "kuongeza akili", usilipe.

Na kwa mwalimu au mzazi: mtoto akisita kidogo kati ya 7 na 8, asichapwe wala asiitwe mjinga. Watu wazima wa mwaka 1967 nao walisita.