Rujewa, Mji Unaokula Mvua ya Wengine

Kusini mwa Rujewa, ng'ambo ya barabara kuu itokayo Makambako kwenda Mbeya, milima imesimama kama ukuta. Kule juu ni nchi ya ukungu, viazi na masweta. Kilele cha Mtorwi kinafika mita 2,961, na nyasi za Kitulo hutoa maua ambayo watalii husafiri kutoka mbali kuja kuyaona. Chini ya ukuta huo, kwenye mita elfu moja na ushei tu, kuna tambarare ya Usangu, kavu na yenye jua lisilo na huruma. Mvua hunyesha zaidi mlimani. Sisi wa bondeni tunaipokea ikiwa imekwisha kuwa mto: Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha Mkuu wenyewe. Mito hiyo inatandazwa kwenye ardhi oevu ya Ihefu, inachujwa kwenye mwamba wa Ng'iriama, kisha inatoka ikiwa mto mmoja kwenda Hifadhi ya Ruaha, Mtera, Kidatu na hatimaye Rufiji.

Nilipopeleka pendekezo la tasnifu yangu ya uzamili kuhusu mji huu, msimamizi wangu alisoma kurasa mbili, akaniuliza, "Wenyeji wa Rujewa ni nani?" Nilijibu haraka: Wasangu. Akasema, "Sawa. Tangu lini?" Swali hilo limenila miezi.

Wasangu ndio waliolipa bonde jina, hilo halina ubishi. Lakini ukiuliza Wasangu walitoka wapi, jibu linagawanyika katika koo nyingi, za asili tofauti, zilizokusanywa na kuwa watu wamoja katika karne ya 19 chini ya ukoo wa kina Merere. Vita, ng'ombe na pembe za ndovu ndivyo vilivyowaunganisha. Halafu Wahehe wakaja juu. Kufikia miaka ya 1870 Merere alikuwa ameshalihama bonde na kukimbilia Usafwa, upande wa Mbeya ya leo, akajenga ngome ya mawe. James Frederic Elton, balozi mdogo wa Uingereza aliyepita huko mwaka 1877, alimkuta amezingirwa na Wahehe. Elton mwenyewe alifia njiani, Ugogo, Desemba mwaka huohuo. Kitabu cha safari yake kilitoka 1879, yeye akiwa kaburini. Kwa karibu miaka ishirini wenye Usangu waliishi nje ya Usangu. Walirudi miaka ya 1890 wakiwa upande wa Wajerumani, wakati Mkwawa anawindwa Uhehe.

Hapo ndipo ninapopenda kusimama kidogo. Iringa tumejifunza kumwita Mkwawa shujaa, na ni shujaa kweli. Ila kwa Msangu wa mwaka 1896 anguko la Mkwawa lilikuwa tiketi ya kurudi nyumbani. Vitabu vyetu vya sekondari vina safu mbili tu, waliopinga na waliosaliti, na safu hizo hazimtoshi mtu aliyetaka tu shamba la baba yake.

Baada yao walikuja Mabulushi. Asili yao ni Makran, ile pwani kavu ambayo leo imegawanywa kati ya Iran na Pakistani. Wengi wa mababu zao waliingia Afrika Mashariki kama askari wa Sultani wa Zanzibar, wakapanda bara na misafara ya biashara, na baadhi hawakurudi tena. Kwa watu waliotoka nchi ambako tone la maji lina mwenyewe, mto unaoshuka mlimani na kupotea bure kwenye tambarare ulikuwa kama fedha iliyodondoka njiani. Kilimo cha mpunga wa mifereji Usangu, kilichoshika kasi miaka ya 1930 na 1940, kinahusishwa nao kuliko watu wengine wowote. Mchele ambao leo muuzaji wa Dar es Salaam anausifu kwamba ni "wa Mbeya, mama, unanukia" una mkono wa Makran ndani yake. Sijaona kibao popote kinachosema hivyo.

Kisha ikaja dunia nzima, kwa sababu ya siasa za mbali. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, Zambia ikahitaji njia nyingine ya kupitishia mafuta na shaba, na barabara ya vumbi iliyopita chini ya milima yetu ikajaa malori usiku na mchana. Ikawekwa lami. Ikafuata TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na Rujewa ikapata stesheni. Wachina haohao walisaidia kuanzisha shamba la mpunga la Mbarali, takriban hekta 3,200, lililokuwa chini ya NAFCO. Vibarua walishuka kutoka Ubena, Ukinga, Unyakyusa na kwingineko. Wengi walibaki, wakakodi majaruba, wakaoa. (Wapenzi wa soka watakumbuka kwamba Novemba 2022 Ihefu, iliyokuwa tima ya huku, iliikatisha Yanga mbio za mechi 49 za ligi bila kufungwa. Mechi ilichezwa Highland Estates, uwanja wenye jina la mwekezaji aliyelichukua shamba hilo baada ya NAFCO.)

Wafugaji nao walifuata maji: Waparakuyo tangu miaka ya 1950, kisha Wasukuma na Wabarbaig, ambao kwao malisho yalikuwa yanabana. Kiangazi Ihefu ilikuwa kijani wakati kwingine kote ni vumbi. Ng'ombe hawahitaji ramani kulijua hilo.

Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka kiangazi ndani ya hifadhi, na tangu hapo ukawa unakauka karibu kila mwaka. Mgawo wa umeme wa miaka hiyo ulitafutiwa mwenye kosa, na kidole kikaelekezwa Usangu. Mwaka 2001, akiwa London, Waziri Mkuu Sumaye aliahidi kwamba ifikapo 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu na mifugo yao, na wengi wakaswagwa hadi Lindi. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, likaacha mgogoro wa mipaka na vijiji uliotokota hadi miaka hii ya 2020.

Ni kweli mifereji inakunywa maji mengi kiangazi, na asiyekubali hilo hajawahi kusimama Mbarali mwezi wa Oktoba. Lakini wataalamu waliopiga hesabu za Mtera na Kidatu walionyesha kwamba namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilichangia sana upungufu ule. Hesabu hizo hazikuwa na mifugo ya kuhamisha, kwa hiyo hazikuvuma.

Msimamizi wangu bado anasubiri jibu. Kwa sasa sura ya kwanza nimeipanga kwa mifereji badala ya makabila: nani alichimba upi, nani aliupanua, nani yuko juu yake na nani yuko mkiani. Kwenye mfereji, aliye juu hunywa kwanza, awe Msangu, Mbulushi au Mkinga, na ugomvi wa zamu za maji huzungumzwa kwa Kiswahili. Wazee niliowahoji walikumbuka miaka ya mifereji kwa uhakika kuliko miaka ya kuzaliwa watoto wao. Mmoja alinichorea wa kwao kwa fimbo kwenye vumbi, kuanzia mtoni, akataja kila shamba na mwenye shamba. Alipofika mwisho wa mstari alikuwa ametaja watu wa makabila saba. Nikamuuliza mwenyeji ni yupi. Akaniuliza kama namaanisha wa juu au wa mkiani.