Ngitili: Jinsi Nchi ya Shinyanga Ilivyopata Tena Miti Yake

Ni desturi, wakati wa jubilei, kusimulia habari za majengo na za watu walioyajenga. Walakini iko kazi nyingine isiyo na ukuta wala bati, nayo yafaa ikumbukwe: kazi ya kuirudishia ardhi uzima wake. Basi twapenda kuwaelezeni, ndugu wasomaji, na hasa ninyi walimu, habari za Usukuma, katika Mkoa wa Shinyanga.

Hapo kale nchi ile ilikuwa na miti mingi. Wasukuma, walio wakulima na wafugaji pia, walikuwa na desturi iitwayo ngitili. Mvua zianzapo, mwenye ardhi hutenga sehemu, ng'ombe wasiingie, nyasi ziote na miti ikue. Hata kiangazi kikiwa kikali huifungua, mifugo ipate malisho. Elimu hii haikuandikwa kitabuni. Baba alimfundisha mwanawe machungani.

Tangu miaka ya 1920 vichaka vingi vilifyekwa ili kumwondoa mbung'o aletaye maradhi. Kisha mashamba ya pamba yakaongezeka, na mifugo ikazidi. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa katika vijiji vipya, wakaziacha ngitili zao bila mlinzi. Hata ilipofika mwaka 1986, zilikuwa zimesalia hekta kama 600 tu. Akina mama walikwenda mwendo mrefu kutafuta kuni, na nchi ikaitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka ule ule serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, na baadaye serikali ya Norwei ikausaidia kwa fedha. Mwanzoni mabwana miti walikuza miche ya kigeni katika vitalu vikubwa, wakaigawa kwa watu. Miche hiyo haikuwa na faida iliyotarajiwa, kwani mtu hatunzi sana kitu asichokichagua.

Ndipo walipobadili njia. Wakaketi na wazee, wakawauliza walitunzaje malisho yao zamani, nao wazee wakalitaja neno ngitili. Tangu hapo walitilia mkazo mafundisho: mikutano vijijini, maonyesho, na ziara za kutazama mashamba ya wenzao. Sheria zikatungwa na dagashida, ndilo baraza la wenyeji, na sungusungu wakazilinda. Aliyeingiza mifugo katika ngitili ya mwenziwe alitozwa faini, naye hakuweza kulalamika kuwa ni sheria ya wageni.

Tulinganishe na Kondoa. Huko mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Uswidi, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwa amri katika nchi iliyokuwa imemomonyoka. Majani yakaota tena, hilo hatulikani. Lakini mwenye ng'ombe alihama na uchungu wake. Shinyanga ng'ombe hawakufukuzwa, kwa maana ngitili ni kwa ajili yao.

Mradi wa Shinyanga ulikwisha mwaka 2004. Wakati huo ngitili zilikadiriwa kupita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Watu walipata kuni, asali, dawa na nyasi za kuezekea. Na vijiji vingine vilitumia mapato ya ngitili ya wote kwa shule na zahanati. Si kwamba mambo yote yalinyooka. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi alifaidi kuliko maskini, na jambo hili lataka haki na uangalifu hata leo.

Twajifunza nini? Fedha ni ya lazima, kwani mwalimu hali hewa, na safari ya kijijini yataka nauli. Lakini fedha ina siku yake ya kwisha, na siku hiyo ndiyo huonyesha kazi ilikuwa ya nani. Kwa hiyo, popote tuchangapo au tupokeapo msaada kwa ajili ya ardhi, tuanze kwa kuwauliza wazee wa mahali pale, kisha tuwapeleke watoto wa shule wakaone kwa macho yao yale wazee wayasemayo. Mche uliopandwa kwa amri hungoja amri nyingine upate maji; bali mti wa mwenyewe hunyweshwa pasipo kuambiwa.