Mpiganaji Akitaka Kuwa Mchawi

Mpiganaji aliyechoshwa na upanga aweza kugeuka mchawi? Michezo ya kuigiza wahusika hulijibu swali hili kwa namna mbalimbali. Kwangu mimi, uzito hauko katika ruhusa yenyewe, bali katika hatima ya yale aliyoyajua kabla ya kugeuka.

Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, iliyotoka Marekani mwaka 1974, ilianza na fani tatu tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi aliongezwa mwaka uliofuata. Kufikia kitabu cha wachezaji cha 1978, binadamu aliruhusiwa kuhama fani, lakini kwa masharti makali. Mpaka ngazi yake mpya iipite ile ya zamani, alitakiwa ajizuie: akiurudia upanga, alama za uzoefu zinampita. Wahusika wasio binadamu walikuwa na njia yao, kujifunza fani mbili au tatu kwa pamoja na kuugawa uzoefu baina yake. Toleo la 2000 lililegeza mengi ya hayo. Kila anapopanda ngazi, mhusika huchagua fani ya kuongeza, na ya zamani hubaki mkononi.

Mwaka uleule wa 1978, humohumo Marekani, Steve Perrin na wenzake walitoa RuneQuest, isiyo na fani hata moja. Mhusika ana stadi zinazopimwa kwa asilimia. Akifaulu kuitumia stadi, baadaye hurusha dadu kuona kama imekua, na dadu sharti lipite kiwango alichokwisha kufikia. Bingwa, basi, hujifunza kwa taabu kuliko mwanagenzi. Sijaona kanuni ya mchezo inayoufahamu ufundi wa mikono kwa undani kama hii.

Japani ilipokea urithi wa Marekani kupitia michezo ya kompyuta kama Wizardry, ikaupa sura yake. Katika Dragon Quest III ya 1988, fani huitwa kwa neno la Kijapani la kila siku lenye maana ya kazi anayoifanya mtu. Anayefika ngazi ya 20 huenda kwenye hekalu la Dhama kuomba kazi nyingine. Hurudishwa ngazi ya kwanza, nguvu zake hukatwa nusu, ila uchawi aliojifunza haupokonywi. Na mzururaji, ambaye vitani hufanya mzaha badala ya kupigana, ndiye pekee awezaye kupata kazi ya mwenye hekima bila kuhitaji kitabu maalumu.

Gygax, basi, alidai mtu aiweke kando jana yake kwa muda. Dhama huuchukua mwili na kuacha elimu. Kwa Perrin hakuna mlango wa kuvuka, kwa kuwa mtu ni yale anayoyatenda. Kwa hadithi ya mtu anayebadilika, naichagua Dhama, kwa sababu hasara yake huonekana katika kila pigano linalofuata. Hata hivyo, hekalu hilo halimfungulii kila mtu: shujaa mwenyewe, ambaye mchezaji huanza naye safari, haruhusiwi kamwe kubadili kazi.