Nani Alilipia Lugha za Siri

Oktoba 2019, waendeshaji wa Tornado Cash, huduma ya kuhamisha sarafu za Ethereum bila kuacha nyayo, walitangaza kwamba mfumo wao umedukuliwa. Wadukuzi walikuwa wao wenyewe. Katika maktaba ya msimbo waliyoitegemea, iliyoandikwa kwa lugha ya Circom, palikuwa na alama "=" mahali palipotakiwa "<==". Katika lugha hiyo, alama ya kwanza hukokotoa thamani, basi. Ya pili hukokotoa na papo hapo kuweka sharti ambalo mhakiki atalikagua. Sharti lisipowekwa, yeyote aliyeigundua kasoro angeweza kughushi uthibitisho na kuzoa akiba za watu. Timu ikaona heri kuzitoa fedha kwa hila hiyohiyo kabla mwizi hajawahi, ikazihamishia kwenye mkataba mpya wa kidijitali.

Hesabu zenyewe hazikuwa na doa. Tatizo lilikuwa namna binadamu anavyoiandikia kompyuta hesabu hizo, na hilo ndilo eneo ambalo kwa miaka mingi halikupata mfadhili.

Nadharia ya uthibitisho wa aina hiyo ilitangulia mbali. Mwaka 1985 Shafi Goldwasser na Silvio Micali wa MIT, pamoja na Charles Rackoff wa Chuo Kikuu cha Toronto, walionyesha kwamba mtu anaweza kumthibitishia mwenzake kuwa dai fulani ni kweli bila kumwambia lolote zaidi. Makala yao ilikuwa imekataliwa mara kadhaa kabla ya kukubaliwa. Mwaka 1989 Jean-Jacques Quisquater na wenzake walilieleza wazo hilo kwa pango la Ali Baba, katika makala ambayo waliwaorodhesha hata jamaa zao kuwa waandishi. Pango lina njia mbili zinazokutana kwenye mlango wa siri. Anayejua neno la kuufungua anaingia kwa njia aipendayo. Mwenzake, ambaye hakuona ameingia wapi, anasimama nje na kupaza sauti: tokea kushoto, au tokea kulia. Asiyejua neno anaweza kubahatisha mara moja. Kubahatisha mara 20 mfululizo ni nafasi moja kati ya zaidi ya milioni moja.

Kwa karibu miaka 30 mambo mengi yalibaki kwenye karatasi na ubao. Ruzuku za sayansi ziliwalipa maprofesa na wanafunzi wao ili wathibitishe nadharia, na waliithibitisha kwa ustadi mkubwa. Lakini mhandisi wa kawaida aliyetaka kuitumia angelazimika kuigeuza programu yake kwa mkono iwe rundo la milinganyo ya kujumlisha na kuzidisha, kile ambacho wenye fani wanakiita saketi.

Mabadiliko yalikuja 2013. Watafiti wa Microsoft na IBM walitoa Pinocchio, mfumo wenye kompaila inayochukua programu ya lugha ya C, japo si C yote, na kuifanya saketi. Uthibitisho wake ulikuwa na baiti 288 tu, hata kazi iliyothibitishwa iwe kubwa namna gani. Mwaka huohuo kundi la Eli Ben-Sasson, Alessandro Chiesa, Eran Tromer na wenzao lilitoa TinyRAM, kompyuta ya kubuni iliyoundwa mahususi kwa ithibati za aina hii. Naye mtafiti Michael Walfish na wanafunzi wake walikuwa wakijenga mifumo yenye majina ya jikoni: Pepper, Ginger, Zaatar, Pantry, Buffet. Hizi zote zilikuwa kazi za maabara.

Kisha fedha zikaanza kutoka mahali pasipotarajiwa.

Sarafu ya Zcash, inayotegemea ithibati za aina hii, ilizinduliwa tarehe 28 Oktoba 2016, ikiwa na kanuni iliyozua ubishi: kwa miaka minne ya kwanza, asilimia 20 ya sarafu mpya ilikwenda kwa waasisi, wawekezaji, wafanyakazi na taasisi ya kuiendeleza. Wapinzani waliiita kodi, na kwa kweli ilikuwa kodi. Muda ulipokwisha Novemba 2020, jumuiya ya sarafu hiyo ilikubali kuendelea na asilimia 20, safari hii 7 kwa kampuni ya Electric Coin, 5 kwa Zcash Foundation na 8 kwa ruzuku za watu wengine. Mtu anaweza kuzitilia shaka sarafu za kidijitali kadiri apendavyo, lakini kodi hiyo iliwalisha Sean Bowe, Jack Grigg na Daira Hopwood walipobuni mfumo wa ithibati wa Halo mwaka 2019, na maktaba ya Halo 2 iliyofuata ikatumiwa hata na washindani. Ilimlipa pia Ariel Gabizon, aliyegundua Machi 2018 kosa katika makala ya kitaalamu iliyokuwa msingi wa Zcash, kosa ambalo lingeruhusu kutengeneza sarafu bandia bila kikomo. Liliwekwa siri hadi likarekebishwa Oktoba, na umma ukaambiwa Februari 2019.

Jeshi nalo halikuwa mbali. Mwaka 2019 DARPA, wakala wa utafiti wa wizara ya ulinzi ya Marekani, ulitangaza mradi wa SIEVE. Miongoni mwa waliyoyataka ni uwezo wa kuthibitisha kwamba programu ina udhaifu bila kuonyesha udhaifu wenyewe. Kampuni ya Galois iliunda Cheesecloth, iliyofanya hivyo hata kwa Heartbleed, kasoro maarufu ya OpenSSL. SIEVE pia ilidai lugha moja ya kati, ili kompaila ya timu moja iweze kuzungumza na mtambo wa timu nyingine.

Agizo hilo la serikali linavutia zaidi ukilitazama kando ya yaliyotokea sokoni. Wawekezaji walipoingia, kila kampuni ilichonga lugha yake: StarkWare ikawa na Cairo, Aztec na Noir, Aleo na Leo. Aleo peke yake ilichangisha dola milioni 200 mapema 2022. Fedha zilikuwa nyingi, lakini msimbo ulioandikwa kwa lugha moja haukuhamia kirahisi kwenye nyingine.

Zana za kukamata makosa zilichelewa. Mwaka 2023 watafiti walitoa Picus, inayotafuta saketi zisizo na masharti ya kutosha, yaani ugonjwa uleule wa Tornado Cash. Katika saketi 163 za Circom walizozijaribu walipata kasoro nane ambazo hazikuwa zikijulikana.

Siku hizi wahandisi wengi hawaigusi saketi kabisa. Wanaandika programu za kawaida kwa lugha ya Rust, na mitambo kama RISC Zero na SP1 inafanya mengine. Hatari imehamia ndani ya mitambo hiyo, inayojengwa na watu wachache. Huko ndiko Ethereum Foundation ilikoelekeza mradi wa dola milioni 20 wa kuihakiki kihesabu, sehemu ya kazi ikifanywa kwa Lean, lugha iliyoanzishwa na Leonardo de Moura ndani ya Microsoft Research mwaka 2013, mwaka uleule wa Pinocchio.