Wanyama na ndege wa kuona ukifikia Maseno

Wengi wetu huku Pwani tukitajiwa Kisumu huwaza samaki na joto. Maseno, mji mdogo ulio kiasi cha kilomita 25 kaskazini-magharibi mwa Kisumu kwenye barabara ya Busia, una hali yake. Umepitiwa na mstari wa ikweta, lakini kwa kuwa uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, mtu wa Mombasa akifika jioni atatafuta sweta. Ukilala hapo, sehemu nyingi za ukanda wa ziwa unaweza kuziendea asubuhi ukarudi kabla ya giza.

Ifahamike mapema kwamba huku si Tsavo. Ndovu hakuna, na hifadhi zenyewe ni ndogo. Ile ya swala pala mjini Kisumu, iliyotangazwa rasmi mwaka 1992, haifiki hata nusu kilomita ya mraba. Iliwekwa ili kuwanusuru swala waliobaki na kuwaachia viboko mahali pa kula majani. Simba na chui wake wamo vizimbani. Watoto watafurahi, mtu mzima saa moja yamtosha.

Kisiwa cha Ndere, hifadhi ya taifa tangu 1986, kina utulivu zaidi. Kiko katika Ghuba ya Winam na hufikiwa kwa boti. Utaona swala, kenge, viboko, mamba, na furukombe akishuka majini kunyakua samaki. Njiani waweza kupitia Kit Mikayi huko Seme, majabali yaliyopandana ambayo Wajaluo huyaita jiwe la mke wa kwanza. Watu huenda kusali hapo mpaka leo, kwa hiyo usipande ovyo.

Lakini ukiniuliza kitu kimoja tu cha kwenda kukitazama, nitakwambia mafunjo. Ni yale majani marefu ya kinamasi, yenye vichwa kama mashungi, yanayozunguka kingo za ziwa. Kwa ziwa, mafunjo ni kama mikoko kwetu: huzuia tope na uchafu wa mito, na samaki wachanga hujificha humo. Sangara, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950, aliwamaliza samaki wengi wa asili. Ndani ya kinamasi hawezi kuwafuata vizuri kwa sababu maji yake yana hewa kidogo. Ngege wa asili, aliyekuwa kitoweo kikuu cha ziwa hili, leo yuko katika Ziwa Kanyaboli, kaunti ya Siaya, nyuma ya kinamasi cha Yala. Humo pia huishi nzohe, swala mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kutembea kwenye matope. Kumwona ni bahati.

Mafunjo ya karibu na mji yako Dunga, kusini kidogo ya Kisumu. Nenda alfajiri na muongozaji wa hapo kijijini, kwa mtumbwi. Mtafute ndege mweusi mgongoni, mwekundu tumboni, mwenye utosi wa manjano. Nje ya mafunjo ya Afrika Mashariki na Kati hapatikani. Utamsikia kabla ya kumwona.

Ndege huyo hana pa kuhamia kinamasi kikiondoka. Kukata mafunjo ya mikeka na vikapu si tatizo kubwa, kwani yakikatwa kwa kiasi huchipuka tena. Yanayoyaua ni moto na kukausha ardhi ili kulima. Huko Yala kazi ya kukausha ilianza miaka ya 1960. Mkulima ana haki ya kula, sikatai. Lakini mvuvi naye anakula kutokana na kinamasi hichohicho, na mgeni anayelipa mtumbwi Dunga anaongeza sababu ya kukiacha kilipo.

Siku ikibaki, panda Kakamega, kwenye msitu wa mvua unaofanana na ile ya Kongo. Kuna mbega, kipepeo wa kila rangi na ndege zaidi ya aina 300.

Kiingilio cha hifadhi za taifa hulipwa kwa eCitizen, si taslimu. Vaa jaketi la kuokolea ndani ya boti, na wala usiogelee ziwani kama ulivyozoea baharini: kuna kichocho, na kiboko hana urafiki. Mvua za masika, Machi hadi Mei, huharibu njia za vijijini.